Somo la Kiingereza: Kila Neno na Mahali Pake

Wasomaji wengi hutamani kuandika Kiingereza kilicho safi, na wengi wao hudhani ya kuwa njia ya kufika huko ni kujifunza maneno mengi na makubwa. Somo hili lataka kuonyesha njia nyingine. Mtu mwenye maneno machache ayawekayo mahali pake ataeleweka kuliko mwenye maneno mengi ayatupayo ovyo kama magunia sokoni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za nchi, na Kiswahili kikawa lugha ya taifa vilevile. Hata hivyo mikataba mingi ya kazi na ya ardhi, barua za kuomba kazi, na karatasi nyingi za vyuo na za benki bado huandikwa kwa Kiingereza. Mwenye kuandika vibaya hapo hapotezi sifa tu. Aweza kupoteza shamba, au kazi, au fedha zake.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Katika mazungumzo, neno lisipofahamika, msikilizaji huuliza, nasi humweleza mara ya pili. Barua haina nafasi hiyo. Ikisha kutiwa katika bahasha imekwenda peke yake, na karani atakayeisoma mwezi ujao hana mtu wa kumwuliza. Kwa hiyo kila swali ambalo msomaji angeliuliza, yapasa barua iwe imekwisha kulijibu. Na tutazame sasa ni mambo gani hasa yanayozuia barua isijibu.

1. KISWAHILI HUFUNGA KWA SILABI, KIINGEREZA HUFUNGA KWA MAHALI

Tuanze na jambo lililo mzizi wa makosa mengi. Katika Kiswahili kila jina lina kundi lake, na silabi ya kundi hilo hulifuata jina popote liendapo katika sentensi. Tazama maneno haya:

Ufunguo wa sanduku uliopotea.
Ufunguo wa sanduku lililopotea.

Tofauti ni ndogo sana, bali hakuna ajuaye Kiswahili atakayeuliza ni kitu gani kilichopotea. Katika maneno ya kwanza umepotea ufunguo. Katika ya pili limepotea sanduku. Sasa tuyatafsiri kwa Kiingereza:

“The key of the box which was lost.”

Neno “which” halina silabi ya kuonyesha bwana wake ni nani. Msomaji hana budi kukisia, na kwa kawaida atalifunga neno hilo na jina lililo karibu nalo zaidi, yaani “box”. Aliyetaka kusema kwamba ufunguo umepotea ameeleweka visivyo, ingawa hakuvunja sheria yoyote ya sarufi.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: katika Kiingereza, maneno yanayohusiana yakae pamoja. Yasipoweza kukaa pamoja, vunja sentensi na kuipanga upya:

“The box is here, but its key is lost.”
“I have the key, but the box is lost.”

Tena, Kiswahili huturuhusu kusema, “Mtoto amekisoma kitabu,” au, “Kitabu, mtoto amekisoma,” na maana haipotei, kwa sababu a- ya mtoto na -ki- ya kitabu zimo ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza hakina uhuru huo. Mtenda hutangulia, kitenzi hufuata, mtendwa huja nyuma: “The child has read the book.” Ukigeuza mpango huo umegeuza maana, au umeiua kabisa.

Hata maneno ya siku na ya mahali hufuata kanuni hiyo. Mtu amemwandikia wakili wake hivi:

“He promised to pay me on Monday.”

Je, Jumatatu ndiyo siku ya ahadi, au ndiyo siku ya malipo? Mdai na mdaiwa watabishana juu ya jambo hilo mpaka jua lizame. Ikiwa ni siku ya ahadi, andika: “On Monday he promised to pay me.” Ikiwa ni siku ya malipo, andika: “He promised that on Monday he would pay me.” Maneno karibu ni yaleyale, kilichohama ni mahali pa siku.

2. NENO “ONLY”

Hakuna neno dogo lisumbualo kama hili. Katika Kiswahili “tu” hukaa nyuma ya neno linalohusika, nasi hatutatiziki. “Only” hukaa mbele ya neno lake, na kila lihamapo huhamisha maana:

“Only the clerk signed the form.” Yaani karani peke yake alitia sahihi, hakuna mwingine.

“The clerk signed only the form.” Yaani alitia sahihi fomu tu, karatasi nyingine hakuzitia.

“The clerk signed the form only yesterday.” Yaani ni jana tu alipotia sahihi, siku zote zilizotangulia fomu ilikuwa bado.

Waingereza wenyewe wasemapo huliweka neno hili mbele ya kitenzi, na sauti zao huonyesha maana. Karatasi haina sauti. Basi uandikapo, lisogeze “only” mpaka liguse neno lake.

3. MIZINGA IPI?

Kiingereza kina neno “the”, ambalo lugha yetu haina. Wengi hulitia au hulisahau bila kufikiri, kana kwamba ni pambo. Kumbe lina kazi kubwa. Mwandishi akitia “the” amwambia msomaji wake: kitu hiki wakijua, nacho ni hichohicho ukifikiriacho. Basi ikiwa msomaji hakijui, au afikiria kingine, hatari yaingia.

Historia ya Waingereza yatupa mfano mzito. Tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Krimea, majeshi ya Uingereza yalikuwa yakipigana na Warusi mahali paitwapo Balaclava. Jemadari mkuu, Lord Raglan, alikuwa amesimama juu ya kilima. Kutoka huko aliwaona Warusi wakijitayarisha kuiondoa mizinga ya Kiingereza waliyokuwa wameiteka asubuhi katika maboma madogo yaliyokuwa yakilindwa na askari wa Kituruki. Akatoa amri, ikaandikwa upesi kwa kalamu ya risasi, ikapelekwa bondeni na Kapteni Nolan kwa Lord Lucan, mkuu wa askari wa farasi. Karatasi iliwaamuru askari hao wasonge mbele haraka, wamzuie adui asichukue mizinga. Haikusema mizinga ipi.

Kwa Lord Raglan aliyekuwa kilimani, neno hilo halikuwa na shaka: ni ile mizinga aliyokuwa akiitazama. Lakini Lord Lucan alikuwa chini bondeni, asione aliyoyaona mkuu wake. Mizinga aliyoijua yeye ilikuwa mizinga ya Warusi yenyewe, iliyopangwa mwisho wa bonde, tayari kupiga. Wapata askari 670 wa farasi wakapelekwa moja kwa moja mbele ya mizinga hiyo, huku wakipigwa na kutoka pande za milimani pia. Zaidi ya 100 wakafa, na Kapteni Nolan, aliyeileta karatasi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Wanahistoria wamebishana miaka mingi juu ya nani alaumiwe zaidi. Lakini kwamba karatasi ile ilikuwa na maana mbili, hilo halina mashaka.

Sisi hatuandiki amri za vita. Lakini kila mwandishi husimama juu ya kilima chake, na kila msomaji huwa bondeni kwake. Wewe unapoandika, “I went to the chief about the land,” shamba lile liko mbele ya macho yako, na mpaka wake, na mwembe ulio katikati yake. Karani wa afisi ya ardhi haoni kitu. Mwandikie: “I went to the chief of our location about the land which my father bought in 1998.” Ukiwa na nambari ya kiwanja, itaje.

Hatari hiyohiyo imo katika viwakilishi. Kwa Kiswahili twasema:

Nilipeleka ndama na jembe sokoni, nikaliuza.
Nilipeleka ndama na jembe sokoni, nikamwuza.

Silabi moja yatosha kuonyesha kilichouzwa. Kiingereza husema “I sold it” kwa vyote viwili, basi kiwakilishi hakifai hapo. Litaje jina tena: “I took the calf and the plough to market, and I sold the plough.” Wako waliofundishwa kwamba kulirudia neno ni umaskini wa lugha. Katika mashairi huenda ikawa hivyo. Katika barua ya kazi kurudia ni uaminifu.

Tena, angalia “he” na “she”. Neno letu “yeye” ni la mume na mke pia, na kwa sababu hiyo watu wengi huandika “he” kwa mama yao bila kujua. Msomaji atadhani mtu mwingine ameingia katika habari. Usomapo barua yako mara ya pili, simama kwenye kila “he”, “she”, “his” na “her”, uulize: ni nani huyu?

4. NENO “KWA” LINA WATOTO WENGI

Neno letu “kwa” ni mtumishi hodari. Twasema: nilikwenda kwa daktari, nakaa kwa mjomba, nilikata kwa kisu, nilikuja kwa miguu, nilinunua kwa shilingi mia. Kiingereza humpa kila mmoja jina lake: “to the doctor”, “at my uncle’s house”, “with a knife”, “on foot”, “for a hundred shillings”. Asiyejua hili hulichukua neno lolote lililo karibu, nalo laweza kumgharimu. Tazama sentensi tatu:

“I bought the plot from Ali.”
“I bought the plot for Ali.”
“I bought the plot with Ali.”

Katika ya kwanza Ali ameuza, na kiwanja ni changu. Katika ya pili nimenunua, lakini kiwanja ni cha Ali. Katika ya tatu tumenunua pamoja, na kila mmoja aweza kudai sehemu yake. Maneno madogo matatu, na wenye kiwanja watatu mbalimbali! Mtu aandikaye mkataba asilipite neno la namna hii pasipo kulipima.

Kitenzi “kuazima” nacho kina mtego. Kwetu aazimaye kitu aweza kuwa mwenye kutoa au mwenye kupokea, na maneno yaliyobaki ndiyo yaonyeshayo. Kiingereza kina vitenzi viwili: mwenye kutoa “lends”, mwenye kupokea “borrows”. Kusema “He borrowed me his bicycle” ni kosa. Sema, “He lent me his bicycle,” au, “I borrowed his bicycle.”

Wakati mwingine ni Kiingereza chenye upungufu. Sisi twatenga kupanga na kupangisha: mpangaji hupanga, mwenye nyumba hupangisha. Neno “rent” hutumiwa na wote wawili, hata “I rent a room in Kisumu” yaweza kutoka kinywani mwa mwenye nyumba au mwa mpangaji. Dawa ni kuongeza maneno: “I rent a room from Mr Otieno,” asema mpangaji, “I rent a room to Mr Otieno,” asema mwenye nyumba.

5. WAKATI, SIKU NA SAA

Silabi -me- ya Kiswahili hukubali tarehe bila taabu: “Nimelipa karo tarehe 3 Juni.” Kwa sababu hiyo wengi huandika, “I have paid the fees on 3 June.” Kiingereza hakikubali. Ukitaja siku iliyopita, kitenzi kiwe cha wakati uliopita: “I paid the fees on 3 June.” Usipoitaja siku, bali wataka msomaji ajue tu kwamba deni limekwisha, hapo ndipo “I have paid the fees” linapofaa.

Pili, maneno “mpaka” na “hadi” huwafanya watu waandike “until” kila mahali. Yako maneno mawili, na kila moja lina kazi yake. “Until” ni la jambo liendelealo bila kukoma hadi siku fulani: “You may use the field until 30 June.” “By” ni la jambo litakalotendeka mara moja, si baada ya siku hiyo: “You must pay by 30 June.” Mtu akiandika “I will pay until Friday”, mdai wake aweza kudhani kwamba atalipa kidogo kidogo kila siku, na Ijumaa ataacha!

Tatu, saa. Sisi huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Waingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Saa mbili asubuhi ni “8 a.m.”, na saa nane mchana ni “2 p.m.” Mwenye kuitwa kazini saa mbili, akaandika “two o’clock”, atakuta mlango umefungwa na nafasi imekwisha kuchukuliwa. Na tarehe usiiandike kwa nambari tupu. Kwetu na kwa Waingereza 3/6 ni tarehe 3 Juni. Kwa Wamarekani ni tarehe 6 Machi. Andika “3 June”, nawe umewaridhisha wote.

6. MKATO MMOJA, DOLA MILIONI TANO

Wengi hunyunyiza mikato kama chumvi. Hebu wasikie kisa cha madereva wa kampuni moja ya maziwa katika jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo hilo ilitaja kazi ambazo wafanyao hawana haki ya kulipwa zaidi kwa saa za ziada. Ilikuwa orodha ndefu ya kazi za vyakula: kutengeneza, kukausha, kuweka ghalani, na nyingine kama hizo, na mwisho wake ilitaja kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kugawa. Kabla ya neno “or” hapakuwa na mkato.

Kampuni ikasema: kufungasha ni kazi moja, na kugawa ni kazi nyingine, madereva hugawa, kwa hiyo hawana haki. Madereva wakajibu: la, kazi iliyotajwa ni moja, nayo ni kufungasha, iwe kwa kusafirisha au kwa kugawa, nasi hatufungashi kitu, twaendesha magari. Mwezi wa Machi 2017 mahakama ya rufani iliona ya kuwa sheria ile ina maana mbili, nayo sheria ya namna hiyo hufasiriwa kwa manufaa ya wafanya kazi. Mwaka 2018 kesi ikamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 5.

Basi tujifunze mambo mawili. La kwanza, utajapo vitu vingi, tia mkato kabla ya “and” au “or” ya mwisho kila ionekanapo kwamba vitu viwili vya mwisho vyaweza kudhaniwa kuwa kimoja. La pili, ambalo ni bora zaidi: katika mkataba, mambo yakiwa mengi, yape nambari, kila moja mstari wake. Nambari hazibishaniwi.

7. HESHIMA SI MANENO MAREFU

Sisi ni watu wa adabu. Hatuanzi habari kabla ya salamu, wala hatumwombi mkubwa jambo pasipo kutengeneza njia. Adabu hiyo ni njema, lakini ikihamishwa nzima katika barua ya Kiingereza hugeuka kuwa mzigo. Katika barua ya kazi ya Kiingereza, heshima kubwa ni kutompotezea msomaji wakati wake.

Wala si wageni wa lugha tu waliokosa hapo. Tarehe 9 Agosti 1940, Uingereza ikiwa katikati ya vita, Waziri Mkuu Winston Churchill aliwaandikia wakubwa wa serikali yake akiwataka waandike taarifa fupi na kuacha maneno ya kujaza nafasi. Baada ya vita, Hazina ya Uingereza ilimwomba Sir Ernest Gowers, aliyekuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, awaandikie watumishi kitabu cha kuwasaidia waandike kwa uwazi. Kitabu hicho, Plain Words, kikatoka mwaka 1948, na mwaka 1954 kikatoka The Complete Plain Words, ambacho watu waliendelea kukinunua kizazi baada ya kizazi. Ikiwa Waingereza wenyewe walihitaji kufundishwa kuandika maneno mepesi, sisi tusione haya kuyatumia.

Haya hapa maneno ya kubadilisha:

Badala ya “I humbly beg to bring to your esteemed notice that”, anza na habari yenyewe.
Badala ya “due to the fact that”, andika “because”.
Badala ya “in the event that”, andika “if”.
Badala ya “at this present moment in time”, andika “now”.
Badala ya “the said individual”, taja jina la mtu.

Adabu haipotei. Imo katika “Dear Sir” au “Dear Madam”, imo katika “please”, na imo katika “Yours faithfully” mwishoni. Ukiwa umemtaja mtu kwa jina lake, kama “Dear Mr Kamau”, basi malizia kwa “Yours sincerely”.

8. BARUA MOJA, NAMNA MBILI

Tukusanye sasa yote tuliyoyasema. Tuseme mzazi ana binti shuleni. Amelipa karo, hakupewa stakabadhi, na binti amerudishwa nyumbani. Aandika hivi:

“Dear Sir, I humbly beg to bring to your notice that I have paid the fees of my daughter with the clerk on 3/6 and she said she will get the receipt until Friday but up to now she has not given it to her and she was sent home.”

Mwalimu mkuu aisoma mara mbili. Karo kiasi gani? Ilipwa Juni au Machi? Mzazi alimlipa karani, au alilipa pamoja naye? “She” wa kwanza ni nani, na wa pili, na wa tatu? Nani aliyemrudisha nyumbani? Tena mzazi ataka nini? Maswali yakizidi, barua huwekwa kando ingoje siku nyingine, na mtoto akae nyumbani.

Na aandike hivi:

“Dear Sir,
My daughter is in Form 2 at your school. On 3 June I paid her fees, 9,000 shillings, to the clerk in your office. The clerk promised to give my daughter a receipt by Friday, 7 June. My daughter has not received it. On 10 June the class teacher sent her home because she had no receipt.
Please allow her to return to class, and please send me the receipt.
Yours faithfully,”

Hamna neno hata moja gumu hapa. Kila kitenzi kina mtendaji wake, kila siku ina tarehe, kila fedha ina hesabu, na ombi limekaa peke yake mwishoni ambapo halikosi kuonekana. Mwalimu mkuu hana swali la kuuliza. Lililobaki ni kutenda.

MAZOEZI

Zisahihishe sentensi hizi kabla ya kutazama majibu.

1. “We need a teacher for small children who can sing.” (Mwimbaji awe mwalimu.)
2. “My brother borrowed me his coat.”
3. “The meeting starts at three in the morning.” (Ni saa tatu asubuhi.)
4. “I have received your letter yesterday.”
5. “The driver told the owner that his lamp was broken.” (Taa ni ya mwenye gari.)
6. “You may keep the key by Monday.”

MAJIBU

1. “We need a teacher who can sing, to teach small children.” Maneno “who can sing” yamesogezwa karibu na mwalimu.
2. “My brother lent me his coat.”
3. “The meeting starts at 9 a.m.”
4. “I received your letter yesterday.” Siku imetajwa, basi “have” haifai.
5. “The driver told the owner, ‘Your lamp is broken.’” Maneno ya msemaji yakiandikwa kama alivyoyasema, shaka huondoka.
6. “You may keep the key until Monday.” Kuweka ni jambo liendelealo.

Msomaji aliyekosa mawili au matatu asivunjike moyo. Jambo moja lamtosha kwa juma hili: akisha kuandika barua, aiweke hata kesho yake, kisha aisome kwa sauti kana kwamba yeye ndiye karani asiyemjua mwandishi wala kijiji chake. Kila aulizapo nani, nini, wapi, au lini, na karatasi ikanyamaza, hapo ndipo pa kusahihisha. Na aulize maswali hayo mwenyewe leo, maana barua ikisha kwenda hatakuwapo wa kuyajibu.